Njia ya Miguu Kando ya Nalubaale

Haya ni maneno yaliyosemwa Kalangala, kisiwani Bugala, katika visiwa vya Ssese vya Uganda ndani ya Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, mbele ya waongozaji wa wageni, viongozi wa vijiji na wakazi wa mialo ya jirani, yaani vituo vya wavuvi ufukoni.

Waheshimiwa wenyeviti wa LC, mabaraza yetu ya vijiji, wazee wetu, akina mama mlioacha mukene, dagaa wetu, juani mkaja kutusikiliza, na ninyi vijana waongozaji: mwebale kujja. Asanteni kwa kufika. Nimeombwa niseme kwa Kiswahili na nimefurahi, kwa sababu kwenye mialo yetu amekaa Muganda na Msoga, Msamia na Mjaluo, Mtanzania na Mnyarwanda, na lugha inayouza samaki na kupatanisha ugomvi pale ni hii. Baraza la Mawaziri lilipoikubali kuwa lugha rasmi Julai 2022, wavuvi walikuwa wanaizungumza siku nyingi.

Jambo langu ni moja. Nataka tutengeneze njia ya miguu itakayofuata msitu wa Bugala juu kidogo ya ziwa. Nataka tuitengeneze sisi wenyewe, tuijue kila kona, na tuitembee mara kwa mara. Naamini kwa dhati kwamba msitu usio na njia ya watu wake ni msitu unaoweza kuondoka bila mtu kuuliza umeenda wapi.

Sheria tunayo. Kanuni za mwaka 2000 za kusimamia ardhi oevu, kingo za mito na fuo za maziwa zimeweka ukanda wa mita 200 kutoka kwenye maji ya ziwa hili, na ndani ya ukanda huo mtu halimi wala hajengi bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2003 ikaleta NFA, mamlaka inayoshika misitu ya akiba ya serikali, pamoja na ile iliyomo visiwani mwetu. Karatasi ni nzuri. Lakini mita 200 ni kitu gani kwa mtoto wa hapa? Nani amewahi kuziona? Hakuna ukuta, hakuna uzio, hakuna mstari chini. Mtu anakata mti mmoja leo, mwingine wiki ijayo, na kila mara anaamini bado yuko nje ya ukanda. Njia ya miguu ikipita humo, ukanda unaonekana. Mwongozaji aliyepita Jumanne akiona gogo jipya Alhamisi, anajua. Mama anayeteka maji anajua. Mgeni aliyepiga picha mwaka jana akirudi na kukuta uwazi, atauliza. Ulinzi wa namna hiyo hauhitaji bunduki.

Mnajua kwa nini naogopa. Tangu miaka ya 2000 katikati, michikichi imepandwa Bugala kwa maelfu ya hekta. Mpango wenyewe ulikuwa hekta 6,500 za shamba kubwa na hekta 3,500 za wakulima wadogo. Sisemi michikichi ni adui. Wako hapa watu waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mawese, na barabara tunayoitumia kutoka Luuku mpaka hapa Kalangala isingekuwa ilivyo bila biashara hiyo. Lakini mchikichi ulipoingia, msitu ulitoka, na uliobaki sehemu nyingi ni vipande na mikanda. Mkanda ni dhaifu. Ukikatwa katikati, mbega hawezi kuvuka, na kasuku na hondohondo wanakosa miti mikubwa yenye mashimo ya kutagia. Kwa hiyo nikisema njia ifuate msitu, nasema ifuate hicho kilichobaki, ikiunganisha kipande na kipande, ili tujue panapovuja.

Sasa naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mwongozaji asiyejua habari hii anawapitisha wageni kwenye miti tu.

Watu wa Ssese walikuwa mabaharia wa Buganda. Mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa, iliyobeba jeshi la Kabaka, mfalme wa Buganda, iliundwa na kupigwa kasia na watu wa visiwa hivi. Kisiwa cha Bubembe ndicho makao makuu ya Mukasa, lubaale (mungu wa jadi) wa ziwa, na hata Kabaka alikuwa akituma watu huko na zawadi. Kwa hiyo hapa hapakuwa pembeni mwa dunia. Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Kuanzia karibu mwaka 1900, mbung'o wa mwambao waliueneza Busoga na Buganda, na watu zaidi ya 200,000 wakafa. Mwaka 1906 akafika Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Akapiga kambi hapa Bugala, akawatibu wagonjwa kwa dawa ya arseniki iliyoitwa atoksili. Wengine walipata nafuu ya muda. Wengine, zaidi ya ishirini, walipofuka macho kwa dawa hiyo. Wakati huohuo gavana wa Waingereza, Hesketh Bell, aliamuru watu waondoke mwambaoni, na kufikia karibu mwaka 1909 visiwa navyo vikahamwa. Waliobaki hai walipelekwa bara, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyeruhusiwa kurudi kuishi. Migomba ikamezwa na vichaka, na vichaka vikamezwa na miti.

Mwongozaji akisimama chini ya mpewere mkubwa amweleze mgeni hivi: sehemu ya msitu huu ilikuwa vijiji. Watu waliondolewa, msitu ukapanuka, watu wakarudi. Nawaambia haya kwa sababu yanahusu njia yetu moja kwa moja. Wako watu wema kabisa wanaofikiri kwamba kisiwa kinalindwa kwa kukiondolea wakazi. Ssese imeshajaribiwa hilo mara moja, kwa ugonjwa na kwa amri, na wajukuu wa walioondolewa wamekaa kwenye viti hivi mbele yangu.

Tuna mfano wa upande wa pili wa ziwa. Rubondo, Tanzania, ni kisiwa kilichofanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wavuvi waliokuwa wakiishi humo walihamishwa. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa humo sokwe waliotoka katika mabustani ya wanyama ya Ulaya, wakazoea pori, wakazaana. Leo mgeni anatembea kwa miguu Rubondo akiwa na askari wa hifadhi, kwenye msitu ulioshonana mpaka majini. Ni mahali pazuri sana, na wenzetu wanapatunza vizuri. Lakini Rubondo haina shule, haina kanisa wala msikiti wa kijiji, haina mwalo wa watu mia tano wanaohitaji kuni za kupikia. Bugala inavyo vyote hivyo. Na hapa kwetu Ngamba, ambako sokwe yatima wamehifadhiwa tangu 1998, ni kisiwa cha hekta zipatazo 40, na mgeni wa kawaida hatembei msituni. Anasimama kwenye jukwaa la kutazamia. Kila kisiwa na kanuni yake. Kanuni ya kwetu lazima iwe ya njia inayopita kati ya watu wanaoishi.

Nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo njia nyingi zinapokufa. Zinakufa kwa maji ya mvua.

Upande huu wa kaskazini-magharibi wa ziwa unapata mvua nyingi kuliko karibu pengine popote mwambaoni. Ukipasua njia ikashuka moja kwa moja kutoka kilimani mpaka ufukoni, umechimba mfereji. Masika ya kwanza yatabeba udongo wa juu, ya pili yataacha mizizi wazi, na ya tatu watu wataanza kutembea pembeni kukwepa korongo. Ndiyo njia inavyopanuka kutoka hatua moja mpaka upana wa lori, na miti midogo inakanyagwa yote. Tazameni ile miteremko ya kuingia mialoni. Mmeyaona haya kwa macho yenu.

Njia ya kilimani inatakiwa ikate mlima kwa ubavu. Ipande polepole: kwa kila mita kumi za kwenda mbele, isipande zaidi ya mita moja, na popote mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, la sivyo maji yataifuata njia badala ya kuivuka. Uso wake uinamishwe kidogo sana kuelekea bondeni, kiasi ambacho mguu hausikii lakini maji yanasikia. Na kila baada ya mwendo mfupi njia ishuke kidogo halafu ipande tena, kama mgongo wa mtumbwi, ili maji yaliyokusanyika yatoke hapohapo. Anayefanya kazi hii kwa jembe na sululu huona ni ujinga kuishusha njia kisha kuipandisha. Baada ya mvua moja kubwa ataelewa.

Upana? Wa mtu mmoja. Chini ya mita moja. Wako watakaosema njia nyembamba haina heshima, tuweke ya kupita gari. Nitawapinga mpaka mwisho. Inapopita gari itapita mbao na mkaa usiku. Hata bodaboda nisingeiruhusu. Pale njia inapokutana na barabara, tusimike magogo mawili ambayo mtu anapita kwa ubavu na pikipiki haipiti.

Kona nazo zina akili yake. Njia ikipinda kwenye mteremko, kijana mwenye haraka atakata kona, na siku ya pili wenzake watamfuata. Pinda mahali penye jiwe kubwa au mti mnene, ambapo kukata kona ni kazi kuliko kuifuata njia. Usiweke kibao cha kukataza, maana hakina anayekisoma.

Kuna jambo la maji ya ziwa lenyewe. Mei 2020, kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja kilifika mita 13.42, kikapita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Wenye hoteli na wenye vibanda pale Lutoboka hawahitaji kuelezwa na mtu yeyote mchanga ulikwenda wapi. Kwa hiyo njia isikae ufukoni. Ikae juu, ndani ya miti, na itoe vijia vifupi vya kushuka kutazama ziwa mahali pachache palipochaguliwa. Kuna sababu nyingine za kukaa juu: viboko hutoka majini jioni kulisha, mamba wapo, na maji ya pembeni penye majani yana konokono wa kichocho. Mgeni anayetaka kuogelea aulizwe kwanza kama anajua hilo. Penye kinamasi, ambako hatuwezi kukwepa, tujenge kitembezi cha mbao kilichoinuliwa, hata kama ni ghali. Kinamasi ndicho kinachochuja maji kabla hayajafika ziwani, na nzohe, yule swala wa majini, haishi mahali palipojazwa kifusi. Wazee wa visiwa vya nje, hasa Nkose, wanamjua vizuri.

Sasa waongozaji. Vijana wangu, ninyi ndio njia. Alama za rangi zinasaidia, na ziwekwe kwenye nguzo, si misumari ndani ya mti ulio hai. Lakini mgeni anakukumbuka wewe. Mwambie safari kwa saa, si kwa kilomita, kwa sababu kilomita tatu za msitu wenye mvua si kilomita tatu za barabara. Tuko karibu na ikweta; saa moja jioni giza linaingia na halina mazungumzo. Kila safari iwe na saa ya kugeuka, iliyokubaliwa kabla ya kuanza, na ikifika mnageuka hata kama mgeni analia kwamba kilele kiko pale mbele. Mfundishe kuingiza suruali ndani ya soksi, maana siafu wa msitu huu hawabagui tajiri na maskini. Na akitaka kuvuka kisiwa kwa kisiwa, kumbukeni tabia ya ziwa letu: dhoruba za majini hujikusanya usiku na kuelekea alfajiri, wakati nchi kavu imepoa na upepo wake unasukumwa ziwani kutoka pande zote. Mtu wa Kampala amezoea radi ya mchana, kwa hiyo anafikiri asubuhi na mapema ndiyo salama. Msimruhusu mgeni awapangie saa ya kuvuka. Mwenye mtumbwi atazame anga, na kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla injini haijawashwa, mwongozaji akiwa wa kwanza.

Kuhusu mahali patakatifu nitasema kidogo, kwa kuwa si pangu kusema mengi. Yapo masabo, yaani nyumba za ibada ya jadi, yapo makaburi, ipo miti ambayo haiguswi. Njia isipite hapo bila wazee wenyewe kukubali, na wakikataa, njia inazunguka. Tusiwaulize sababu. Wakikubali mgeni afike, ukiambiwa vua viatu unavua, ukiambiwa usipige picha hupigi. Kule Musambwa, kwenye miamba ya mwambao wa kusini ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa, shakwe wenye kichwa cha kijivu wanazaliana kwa maelfu, na nyoka wanaishi jirani na wavuvi bila kuuawa. Miiko ya wenyeji ilikuwa inawalinda kabla ya mkataba wowote. Nasi tuna miiko yetu, na nadhani baadhi yake imehifadhi miti mingi kuliko mabango yote ya serikali.

Fedha. Najua wengi mmekuja kusikia hapa. Katika hifadhi za taifa, sheria inatoa asilimia 20 ya viingilio kwa jamii zinazopakana nazo. Misitu ya akiba ina mlango mwingine: sheria ile ya 2003 inaruhusu jamii kuingia mkataba na NFA wa kusimamia msitu kwa pamoja, na ndani ya mkataba huo inaandikwa nani anafanya nini na nani anapata nini. Naomba tupite mlango huo. Tusianze kutoza wageni kienyeji, kila mwalo na kikapu chake, kwa sababu mgeni akilipa mara tatu ndani ya saa mbili hatarudi, na jamaa zake hawatakuja. Malipo yawe mahali pamoja, kwa risiti, na sehemu iandikwe wazi kuwa ni ya kutengeneza njia. Njia isiyo na fungu la matengenezo ina maisha ya masika mawili.

Na kazi ya matengenezo iwe ya kulipwa. Sitaki kusikia habari ya kujitolea milele. Mama anayefyeka kingo za njia kutwa nzima ameacha samaki wake, alipwe. Akina mama pia wawe waongozaji, si wapishi wa waongozaji tu. Wao ndio wanaojua njia za kuni na za maji, ambazo karibu zote ni za zamani kuliko mimi, na njia yetu itafuata hizo zaidi ya zozote tutakazobuni.

Niseme na wale wanaofikiri kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye mabegi mgongoni. Jumamosi yoyote feri ya Nakiwogo inashusha vijana wa Kampala na Entebbe wanaotafuta mahali pa kupumua. Wanafika Lutoboka, wanakaa ufukweni, muziki unapigwa, Jumapili wanaondoka. Hawajui kwamba dakika chache juu ya hoteli kuna msitu wenye miti ambayo mikono ya watu wanne haikutani kuizunguka. Hakuna aliyewaonyesha. Watoto wa shule zetu wenyewe, wangapi wameingia humo na mwalimu? Mganda atakayepigania msitu huu bungeni miaka thelathini ijayo yuko darasa la tatu sasa hivi, na anahitaji kuingizwa humo akiwa mdogo.

Napendekeza tuanze na kipande kimoja tu: kutoka mgongo wa mji huu wa Kalangala, kushuka kwa ubavu ndani ya msitu mpaka juu ya ghuba ya Lutoboka, na kurudi kwa upande mwingine. Ni kifupi, kina mteremko wa kujifunzia, na makosa yetu yataonekana mapema. Kabla ya jembe kugusa ardhi, wazee na maofisa wa NFA watembee pamoja, na kila mti utakaoguswa ujulikane. Njia ichorwe wakati wa mvua, tuone maji yanapita wapi, na ichimbwe wakati wa ukavu. Maana yake tutembee Novemba hii, tukiwa na kamba na vijiti vya alama, na tuchimbe Januari na Februari, kabla ya mvua za Machi. Wenyeviti, naomba kila kijiji kitoe watu wawili wa kutembea nasi Novemba, mmoja wao awe mwanamke, na angalau mmoja awe mtu anayekata kuni katika msitu huo leo. Bila huyo wa mwisho tusianze.

Mwenyekiti, kalamu na daftari viko mezani. Walio tayari waandikishe majina kwa katibu kabla ya chakula. Mwebale nnyo.